Mahali pa Mama Mkwe Kwenye Picha

Wafula aliingia studio yangu hapa Kitale asubuhi moja akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso, na kabla hajakaa nilijua kuna msiba. Mwanamume wa umri wake habebi leso ya mwanamke barabarani bila sababu. Aliniamkia kwa adabu yake ile ile ya miaka yote, akaniuliza habari za mvua, nikamjibu habari za mvua, kisha akaniambia kwamba mama yake Nasimiyu, mkewe, ametutoka huko Malakisi, usingizini, na kwamba watoto wanataka picha yake ya kuweka mbele ya kitabu cha ibada ya mazishi. "Nasimiyu amesema nikuletee hii," akasema. "Ati hakuna ingine ya maana." Akafungua leso polepole. Ndani mlikuwa na fremu ya mbao, kioo kimepata ufa pembeni, na nyuma ya kioo watu wamesimama kwenye ngazi za kanisa moja la Bungoma, wote wamekodoa macho, katikati yao mchungaji ametanua joho lake huku na huku. Sikuhitaji miwani kuitambua. Niliipiga mimi, nikiwa msichana wa ishirini na moja, na ndiyo picha ya kwanza ya harusi niliyowahi kupiga kwa mkono wangu. Vijana wakiniuliza nilisomea wapi kazi hii huwa nawatajia chuo fulani cha Nairobi ili waniache. Ukweli ni kwamba niliisomea kwenye ngazi hizo.

Mwaka ule ndio video ilipoingia makanisani mwetu, na iliingia bila kubisha hodi. Mzee Gathogo, mwenye studio niliyoajiriwa, alikuwa mtu wa haraka. Alitembea haraka, alikula haraka, na aliamini kwamba harusi ni ya mpiga picha kwanza, ya Mungu baadaye. Studio yake ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa ngazi za ndege, ambapo wakulima wa mahindi walisimama na koti la kuazima wakijifanya wanapanda kwenda Ulaya, na cha nyuma kilinuka dawa za kuoshea picha mpaka chai tuliyokunywa humo ilikuwa na ladha yake. Huko nyuma ndiko alikoificha kamera ya video aliyokuwa amenunua, chombo kikubwa kilichokaa begani kwa uzito wa debe la mahindi. Pamoja nayo ilikuja taa, na taa ile ndiyo iliyotuharibia jina. Ikiwashwa, bibi harusi anafumba macho, mchungaji anatoka jasho, na waya wake unakata njia katikati ya kanisa tangu soketi ya ofisini hadi madhabahuni. Kazi yangu ilikuwa kuishika taa na kuuvuta waya, na kusema pole kwa kila aliyejikwaa. Nilisema pole nyingi mwaka ule.

Basi siku moja pale Bungoma, Gathogo alipita kizuizi cha madhabahu, akasimama nyuma ya mchungaji ili apate nyuso za maharusi, akakiweka kifuniko cha kamera juu ya meza ya Bwana. Mimi nilikuwa huku na taa nikitamani ardhi inimeze. Bwana harusi alipomvisha mwenzake pete, Gathogo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chai, kwamba hakuipata vizuri, hebu warudie kidogo. Bwana harusi wa watu akaanza kuivua pete. Mchungaji, mzee mrefu mwenye nyusi nzito, akamshika mkono. "Mungu ameiona ya kwanza," akasema. "Hana haja ya marudio." Kanisa zima likacheka isipokuwa sisi wawili. Baada ya ibada alituita ofisini kwake. Nilidhani anatufukuza, lakini alitumiminia chai na kutusogezea viazi vitamu, akasubiri tumalize, ndipo akaanza. Taa haitawashwa tena ndani ya kanisa. Wakati wa sala hakuna anayesonga. Hakuna anayepita kizuizi cha madhabahu, na wakati wa viapo kamera ikae mahali pamoja, bila sauti, bila kuita mtu aangalie huku. Alituambia kwamba aliyeingia kwenye ile nyumba ni muumini kwanza, na kama mtu hawezi kusema amina pamoja na wengine, asinyanyue kamera. Masharti hayo yakivunjwa kwenye harusi inayofuata, hakuna kamera itakayopita mlango ule tena. Njia nzima ya kurudi Kitale Gathogo alinung'unika: ati apige picha bila kusonga, kwani yeye ni mti? Nilikuwa najua harusi inayofuata ni ya nani.

Ilikuwa ya Nasimiyu, jirani yangu. Tulipanga vyumba viwili vilivyoshikana nyuma ya soko, tumetenganishwa na ubao mwembamba kiasi kwamba akikoroga sukari nasikia kijiko. Alikuwa mwalimu huko Endebess, na kila Ijumaa alirudi na maziwa ya kutosha chai yake na yangu. Alikuwa anaolewa na Wafula, karani mpole wa Bungoma, ambaye alipokuja kumtembelea alikaa mlangoni na kofia magotini mpaka nikadhani anangoja kuonwa na daktari. Wiki chache kabla ya harusi, mama yake Nasimiyu alikuja kutoka Malakisi, mwanamke mfupi, imara, mwenye mkoba ulionuka tumbaku aliyokuwa akilima. Vidole vyake vilikuwa vimeiva rangi ya kahawia kwa utomvu wa majani, na akiongea alivikunja ndani ya leso. Tulikula ugali na mboga ya murere, yeye kwenye kiti pekee kilichokuwamo, sisi kitandani. Alinisifu kwa kula, maana alikuwa amesikia kwamba watu wetu wa Mlima Kenya hawaiwezi murere inavyoteleza. Nikamwambia kinachoteleza ndicho kinachofika haraka tumboni, akacheka, na tangu hapo nikawa mtu wake. Aliniita Wanjilu, kwa "l" badala ya "r", na hata leo nikisikia mtu akilitamka jina langu hivyo nageuka.

Mambo yaliharibika kwenye chai. Nasimiyu alisema kwamba Mzee Gathogo angewapanga kwenye ngazi za kanisa, na mama angesimama karibu naye. Mama akauliza, na yeye atakuwa wapi? Hakulitaja jina la Wafula; hakuwahi kulitaja. Nasimiyu akasema hapo hapo, karibu, si ndiye bwana harusi. "Basi mimi nitabaki na sufuria," mama akasema, akaweka kikombe chini. Mimi sikuelewa, na kwa kuwa sina subira, niliuliza. Ndipo nikaambiwa kwamba kwao mama na mwanamume aliyemwoa binti yake hawashikani mikono, hawakai karibu, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anajitosa kwenye mahindi ampishe mwenzake. Nikasema kwa ujinga wangu kwamba hiyo ni chuki. Mama hakukasirika. "Si chuki, Wanjilu. Yeye sasa anajua mtoto wangu kuliko mimi. Hiyo ni jambo kubwa. Mkitazamana na mtu, na katikati yenu iko jambo kubwa hivyo, heshima itakaa wapi?" Nasimiyu akasema wao ni watu wa kanisa, mambo hayo yamepitwa. Mama akamkumbusha taratibu kwamba yeye alibatizwa kabla Nasimiyu hajazaliwa, na hakusikia mchungaji akisema ubatizo unaondoa haya.

Nikawaacha, nikaingia chumbani kwangu kunyoosha nguo. Lakini ubao ni ubao. Nilimsikia mama akimsimulia binti yake habari ya jirani yao wa Malakisi. Kwenye harusi ya bintiye, mshereheshaji mmoja alimvuta mbele ya watu akamlazimisha kumkumbatia mkwe wake, watu wakipiga makofi, kamera ikiwamulika. Sasa mkanda ule unawekwa kwenye televisheni ya hoteli sokoni na vijana wanacheka, na yule mama hapiti sokoni tena. Chumvi anatuma watoto. Nasimiyu akaanza kulia. Alisema kama mama hayumo kwenye picha, yeye hataki picha hata moja, atakuja kuwaonyesha watoto wake nini, ati aliolewa akiwa yatima? Kisha nikamsikia mama, sauti imeshuka: "Mimi nataka nionekane. Hata mimi nataka. Lakini nisiaibike. Kama iko njia, niambieni."

"Mama, iko njia," nikajibu kupitia ukutani.

Upande wa pili wakaangua kicheko wote wawili, mpaka nikacheka na mimi na pasi mkononi. Sikuwa na njia yoyote. Mdomo wangu umeniponza mara nyingi maishani, lakini sijawahi kuushukuru kama jioni ile, kwa sababu wiki zilizofuata sikuwaza kitu kingine. Nilikaa kwenye chumba cha nyuma cha studio nikizitazama picha za harusi za watu, moja baada ya nyingine, zikining'inia zikauke, nikijiuliza mahali pa mama ni wapi. Kila picha wazazi walikuwa wamebanwa ubavuni mwa maharusi, maana Gathogo alipenda watu wagusane. Nilizitazama sana, na kuna kitu nilikiona ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Nilikinyamazia. Kumwambia Gathogo kitu ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

Siku ya harusi ikafika, na lazima nimpe Gathogo haki yake: ndani ya kanisa alijizuia. Taa ilibaki kwenye gari. Kamera aliisimamisha kwenye stendi ya miguu mitatu karibu na kwaya, naye akasimama nyuma yake amekaza taya. Mimi sikuwa na taa ya kushika wala waya wa kuvuta, kwa hiyo kwa mara ya kwanza mwaka ule nilisikia viapo. Ni ajabu, nilikuwa nimehudhuria harusi karibu kila Jumamosi na sikuwahi kusikia watu wanaahidiana nini. Wafula alisema maneno yake kwa sauti ndogo, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akitembea wala kupiga kelele, maneno yalifika mpaka mlangoni. Mama alikuwa ameketi benchi za katikati, nyuma ya nguzo, kati ya shangazi wawili, leso imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alimwona binti yake na nguzo ikamficha asiyetakiwa kumwona. Nilimwona akisema amina, nami nikasema, na nilikuwa namaanisha.

Mabaya yalitungoja nje. Tulipotoka Gathogo akawa kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba. Alimpanga huyu, akamshusha yule, wazazi wa bwana harusi hapa, wasimamizi kule, kisha akauliza mama wa bibi harusi yuko wapi. Mama alikuwa amesimama chini ya ngazi kwenye kivuli cha ukuta. Kabla sijamfikia, Gathogo alikuwa ameshamshika mkono, anampandisha ngazi kwa furaha, akimwambia asione haya, leo ni siku yake, asimame hapa na mwanawe mpya, na bwana harusi amshike mama bega, hivyo, tucheke. Kwao Gathogo mkwe ni mtoto, unamlisha na kumkaripia. Hakujua. Lakini wenyewe walijua. Vigelegele vilikatika. Wafula aliinamisha uso, akarudi nyuma hatua moja, nyingine, mpaka akaingia kwenye maua ya mchungaji na viatu vyake vipya. Mama aliuvuta mkono wake, akafunika uso kwa leso, akageuka kushuka. Nasimiyu alisimama tu na gauni lake akimtazama mama yake akiondoka, na uso ule sikuwa tayari kuuona kwenye picha yoyote.

Nilimkimbilia mama nikamshika, si mkono, ncha ya leso. Nikamwambia njia ninayo. Binti akae katikati, wewe uketi kwenye kiti mwisho wa mstari wa kushoto, shangazi wafuate, na yeye awe mwisho wa kulia. Mama alitikisa kichwa bila kuufunua uso. "Na akinitazama?"

"Mama, kwenye picha hakuna anayemtazama mwenzake," nikasema. "Wote mtanitazama mimi."

Hicho ndicho nilichokiona kwenye picha zile zilizoning'inia. Watu walikuwa wamebanana mashavu, na hakuna hata mmoja aliyejua jirani yake ana uso gani wakati ule. Mama alisimama akiyapima maneno yangu. Gathogo, kwa nyuma, aliniuliza tangu lini nimekuwa wa kumfundisha kazi, na nadhani ningefutwa pale pale kama si mchungaji. Alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa akituangalia, nyusi zimekutana, nami nilijua anafikiria kuufunga mlango ule kwa kamera zote. Alishuka ngazi, akamwita Wafula atoke kwenye maua yake, kisha akaja akasimama nyuma ya bibi harusi. "Mimi nitakuwa ukuta," akasema. Akaikunjua mikono, joho likatanuka pande zote mbili. "Mama, njoo ukae. Hapa hakuna mtu anaona mtu." Shangazi mmoja akaanza kucheka, akadakia mwingine, na vigelegele vikarudi. Mama aliufunua uso. Lakini alitoa sharti lake: picha aipige Wanjilu, si huyu mzee wa kuvuta watu. Gathogo alinikabidhi kamera ya picha kwa mkono mmoja huku akitazama kwingine. Niliwasubiri mpaka wote wamenitazama, mama mwisho wa kushoto ameficha vidole vyake vya tumbaku ndani ya leso, Wafula mwisho wa kulia na udongo wa maua viatuni, nikabonyeza mara moja. Nilipotaka kubonyeza tena mama alishainuka, amekwenda zake kuangalia sufuria.

Nilimpelekea picha mwenyewe. Nyumba yake Malakisi ilikuwa na sebule yenye viti vya mbao vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, na harufu ya majani yaliyokuwa yakikaushwa ilikuwa imeingia mpaka kwenye maandazi. Alinawa mikono kwanza. Akaichukua picha, akamtafuta Nasimiyu, akajitafuta yeye mwenyewe, akasema kumbe amezeeka, kisha kidole chake kikatembea taratibu kwenye mstari wa watu, shangazi, binti, joho, mpaka mwisho. Kikasimama hapo. Alikuwa ameishi na habari za Wafula kwa zaidi ya mwaka na hakuwahi kumtazama usoni. "Kumbe ndiye huyu," akasema. Alimtazama kwa muda mrefu sana, bila haya yoyote, vile mama anavyomtazama kijana anayelala nyumba moja na mwanawe. "Ana macho ya mtu mwenye hapigi." Halafu akalia, na mimi nikalia, na sikuona sababu ya kujificha. Nilirudi Kitale na kuku wa zawadi chini ya kwapa. Gathogo alimtazama kuku, akanitazama mimi, akasema kuanzia sasa harusi za Bungoma ni zangu, yeye maua ya wachungaji hayawezi. Hakuniomba radhi wala sikuhitaji. Kwa mtu kama yeye, ile ilikuwa hotuba.

Siku hizi nikienda harusini naenda nimekasirika tayari. Bibi harusi anaingia, na badala ya nyuso anakutana na simu, na aliyeketi nyuma anaiona harusi kwenye simu ya aliyeketi mbele. Kitu chenye kamera kinaruka na kunguruma juu ya paa kama nyigu na mchungaji anakingoja kipite ndipo amalize baraka. Nawaambia vijana ninaowafundisha kwamba kamera ni mgeni, na mgeni mwema huuliza akae wapi. Wananiona mshamba. Lakini nimewaona pia wakizima flashi wakati wa sala bila kuambiwa, na mwezi uliopita huko Kapsokwony msichana mmoja niliyemfundisha aliwauliza wazazi wa pande zote, kabla ya kupiga hata moja, kama kuna mtu asiyepaswa kusimama na mwenzake. Waliinama wakanong'onezana, wakamwambia. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu ili asione uso wangu.

Nilimkaribisha Wafula kiti mbele ya kompyuta. Nikaitoa picha kwenye fremu, nikaiskani, nikaanza kumtafuta mama pale mwisho wa kushoto. Kwenye karatasi uso wake ulikuwa mdogo, haukuzidi ukucha, na hivyo ndivyo ulivyokaa kwenye ukuta wa sebule ya Wafula maisha yake yote ya ndoa. Mkwe huyu alimjengea mama nyumba ya mabati huko Malakisi na hakuwahi kuingia ndani yake. Alimpeleka hospitali mara nyingi, yeye mbele na dereva, mama nyuma, vioo vya gari vimegeuzwa. Nikaukuza uso, nikaukuza tena, ukajaa skrini, ukubwa wa mtu mwenyewe: mikunjo ya macho, kovu dogo kidevuni, mdomo uliokuwa karibu kucheka na mchungaji nyuma yake. Nilisikia kiti kikisukumwa. Wafula alikuwa ameshainuka, ameinamisha kichwa, amesogea kando mpaka kwenye pazia, amempisha njia.

Kisha nadhani alikumbuka kwa nini amekuja. Alirudi taratibu, akashika mgongo wa kiti, akauinua uso wake.

"Nasimiyu amechukua paji lake la uso," akasema. "Sikuwa najua."

Nikainuka nikamwachia kiti, nikaenda kupika chai.